Kufukuzwa Kazi Kusiwe Kufukuzwa Kisiwani

Katika visiwa vyetu hakuna habari inayokwenda mbio kuliko ya mtu aliyefukuzwa kazi. Barua hutiwa saini asubuhi katika hoteli moja ya Kiwengwa au Nungwi; kabla ya alasiri habari imekwisha kufika Darajani, na baada ya magharibi inazungumzwa barzani penye kahawa, pamoja na nyongeza ambazo barua yenyewe haikuwa nazo. Aliyechelewa zamu mara tatu amekwisha kuwa mlevi. Aliyetoka na mikate iliyosalia jikoni amekwisha kuwa mwizi wa ghala zima. Na huyo mwenyewe labda bado yumo katika daladala, mkoba wake mapajani, anatafakari atamweleza nini mkewe.

Watu wa mjini husema fulani kamwaga unga. Msemo huo una mzaha ndani yake, lakini nyumbani kwa aliyeumwaga hapana mzaha. Pana kodi, pana ada za madrasa na sare za skuli, pana mzee anayesubiri dawa. Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni lile linalofuata baada ya barua: mtu aliyevunja kanuni za kazi, akaadhibiwa kwa kufukuzwa, ataipataje kazi nyingine katika nchi ambayo kila mtu anamjua?

Tutangulie kusema waziwazi kwamba hatuwatetei wazembe. Kanuni za kazi hazikuwekwa kwa ajili ya kuwaudhi watu. Mlinzi anayelala lindoni anahatarisha roho za waliolala kwa kumtegemea yeye. Mpishi asiyenawa mikono anaweza kuwalaza hospitali watu arubaini kwa mlo mmoja. Baharia anayeacha abiria wazidi idadi anacheza na jambo ambalo sisi Wazanzibari hatuhitaji kukumbushwa, maana tulizika watu wetu wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012. Mwajiri anayemwondoa mtu wa namna hiyo anatimiza wajibu wake, na mara nyingine tumelalamika katika safu hii kwamba wanachelewa mno kuutimiza.

Lakini adhabu ni lazima iwe na mwisho wake. Mchezaji akioneshwa kadi nyekundu katika Uwanja wa Amaan hutoka nje, akakosa na mechi nyingine, kisha akarudi uwanjani. Refa hampigii simu kila refa wa kila uwanja kumwambia asimruhusu kucheza tena. Kwetu sisi katika mambo ya kazi simu hiyo hupigwa. Kijana akiomba kazi Paje, meneja wa Paje humpigia mwenzake wa Nungwi, na mazungumzo ya dakika mbili yasiyoandikwa popote, ambayo kijana hayasikii wala hawezi kuyajibu, huamua riziki yake ya mwaka mzima. Akienda Bwejuu, simu imekwisha kutangulia.

Watu wa nchi kubwa huenda wasielewe uzito wa jambo hili. Aliyefukuzwa kazi Dar es Salaam anaweza kwenda Mwanza au Mbeya akaanza upya mbele ya watu wasiolijua hata jina la baba yake. Unguja ina urefu wa kilomita zipatazo 85 tu, na Pemba ni fupi kuliko hiyo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na mtu akikaa barzani muda wa kutosha atagundua kwamba nusu yao ni jamaa au wakwe wa nusu nyingine. Kazi zenyewe za mshahara ni chache: Serikali na mashirika yake, bandari na vyombo vya usafiri, maduka na maghala, na utalii, ambao ulituletea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Milango ni michache, na mabawabu wake wanajuana. Anayefungiwa milango hiyo hubakiwa na bahari, aivuke kwenda Bara au Ghuba. Akikosa nauli huishia pwani kuwaandama wageni pamoja na mapapasi, kazi ambayo Serikali hiyo hiyo inatumia fedha kuipiga vita.

Kwa hivyo tunasema kwamba, kwa Mzanzibari, kufukuzwa kazi kwa kosa dogo kunaweza kugeuka kufukuzwa kisiwani bila ya mahkama yoyote kutoa hukumu hiyo.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wanakikumbuka kipande, kile cheti ambacho serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwalazimisha Waafrika kukichukua kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mfanyakazi hakuweza kumwacha bwana mmoja na kwenda kwa mwingine mpaka yule wa kwanza akitie saini. Saini ya mtu mmoja ilitosha kumfungia mwenziwe njia. Watu walikipinga kwa miaka mingi mpaka kikaondoka. Si haki leo, katika nchi inayojitawala, tukifufue kikebe kile kwa njia ya simu ya mkononi.

Ulimwengu umekwisha kulifikiria suala hili. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la 1963 juu ya kukoma kwa ajira, lilisema kwamba mfanyakazi anayeondoka akiomba apewe cheti chenye tarehe aliyoanza, tarehe aliyoacha na aina ya kazi aliyoifanya, na kwamba lisitiwe ndani yake neno lolote la kumdhuru. Pendekezo la 1982 lilirudia shabaha hiyo hiyo, likaongeza kuwa maelezo ya mwenendo na uhodari yataandikwa pale tu mfanyakazi mwenyewe atakapoyaomba. Tanzania Bara, kwa sheria yao ya ajira ya 2004, mwajiri anawajibika kutoa cheti cha utumishi ajira inapokoma. Na kanuni zao za mwenendo bora za 2007 zinasema kwamba kosa la mara ya kwanza halitoshi kumfukuzia mtu, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya isivumilike kuendelea naye, kama vile udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine au kumpiga mtu. Wahenga walikwisha kuyasema hayo kwa maneno machache zaidi: kosa moja haliachi mke.

Hapa kwetu mambo ya kazi si ya Muungano. Tuna Sheria yetu ya Ajira, Nambari 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini, Nambari 1 ya mwaka huo huo, ambayo chini yake kiliundwa kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi. Sheria zipo. Linalokosekana ni watu kuzijua na wakubwa kuzifuata. Tumeona vijitabu vya kanuni vya mahoteli vilivyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, na vingine kwa Kitaliana, wakapewa wafagizi na madobi watie saini. Kisha mtu huyo anaondolewa kwa kuvunja kifungu cha kumi na saba. Kifungu hicho alikisoma wapi? Kama mwajiri anataka kanuni zake ziheshimiwe, na aziandike kwa Kiswahili na azisomwe mbele ya wafanyakazi kabla ya saini. Gharama yake ni karatasi na saa moja ya asubuhi.

Lipo jambo moja zito ambalo wasomaji wetu watatuuliza, na ni haki yao. Kama cheti hakitasema kosa, je, hatutaficha waovu? Mwalimu aliyemdhuru mwanafunzi, msimamizi anayewaonea wanawake walio chini yake, mtunza fedha aliyekomba sanduku, hao nao wapewe karatasi safi waende skuli nyingine na afisi nyingine?

Hapana. Na hapo ndipo palipo na kinyume cha mambo katika nchi yetu, kinyume cha kusikitisha. Mwenye kosa kubwa mara nyingi ndiye anayesitiriwa. Mkubwa akifanya jambo la aibu, wenziwe hukaa faragha wakaona bora jina la pahala lisichafuke; akaombwa aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, akapewa na barua ya sifa juu yake, na mwezi wa pili yuko mahali pengine amevaa tai. Aliyechelewa boti ya asubuhi kwa sababu mtoto aliungua homa usiku, huyo ndiye jina lake linalotembezwa kutoka Malindi mpaka Makunduchi. Makosa ya jinai yana pahala pake, ambapo ni polisi na mahkamani, na mwajiri anayeyanyamazia kwa kuogopa aibu anaidhulumu jamii mara mbili: amemnyima haki aliyedhuriwa, na amempelekea jirani yake hatari bila ya kumwambia. Tunaloliomba liachiwe lipoe ni kosa la nidhamu: kuchelewa, kutoroka zamu, kujibizana na msimamizi, kupokea bakshishi kinyume cha utaratibu, kutumia simu penye wageni. Kwa makosa hayo mtu amekwisha kuadhibiwa alipopoteza mshahara.

Waingereza, ambao hawasifiwi kwa upole wa sheria zao, walipitisha mwaka 1974 sheria inayosema kuwa hukumu za jinai zisizo kubwa, baada ya kupita miaka iliyowekwa bila ya mtu kurudia kosa, zihesabiwe zimekwisha, na mwenyewe asilazimike kuzitaja katika kazi nyingi. Ikiwa aliyehukumiwa na mahkama anaweza kufika siku akasahauliwa kosa lake, itakuwaje aliyelala lindoni mwaka 2019 aulizwe habari za usingizi huo mpaka leo?

Sasa tuna maneno na aliyefukuzwa mwenyewe, maana lawama zote si za waajiri.

La kwanza ni ulimi. Tumewasikia vijana wakitoka kazini wakamwaga matusi juu ya meneja wao kila barza wanayoketi. Meneja mpya anayewasikia hafikirii ubaya wa meneja wa zamani. Anafikiria yeye atasemwaje kesho. La pili ni uongo. Katika mahojiano likija lile swali, kwa nini uliacha kazi yako, wengi hujibu kuwa mkataba ulimalizika, au walikuwa wakimuuguza mama. Katika kisiwa chetu uongo huo hauli siku mbili. Ukigundulika, kosa lililokuwa dogo limepata ndugu mkubwa, na huyo mkubwa hasameheki kwa sababu amezaliwa mbele ya mwajiri mpya mwenyewe. Wapo pia wanaoifuta kabisa kazi ile katika maelezo yao, ikabaki miaka miwili haina habari. Miaka isiyo na habari huwatia watu shaka kuliko kosa linalojulikana.

Rai yetu ni kwamba mtu asitangulize kosa lake pale ambapo hakuulizwa, lakini akiulizwa aseme kweli, na aiseme kwa ufupi. Nilichelewa mara tatu baada ya kupewa onyo la maandishi. Nilikuwa nikikaa mbali na nikitegemea gari moja. Sasa nimehamia kwa shangazi yangu hapa karibu. Maneno hayo matatu yanatosha. Mwajiri ameelezwa kosa, sababu yake, na kilichobadilika. Asiyekuwa na cha kueleza katika hilo la tatu ajiulize kwanza kama kweli amebadilika, kwani huenda anatafuta pahala pengine pa kuchelewa.

Kisha atafute mtu wa kumsemea ambaye anaijua kazi yake. Barua ya sheha ina faida yake, lakini sheha anajua unapokaa na unavyoishi na majirani. Hajui kama unaweza kuhudumia meza kumi kwa wakati mmoja. Mkuu wa zamu wa zamani, hata kama hoteli ilikuondoa, huenda akasema kwa haki kwamba mikono yako ilikuwa mizuri. Mwombe. Wengi hawaombi kwa kuona haya, wakaiacha simu ya meneja iwe ndiyo sauti pekee.

Aidai cheti chake na mahesabu ya siku alizofanya kazi. Michango aliyokatwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, haifutwi na barua ya kufukuzwa. Ahakikishe kwamba iliwasilishwa kweli, maana wapo waajiri waliokata na wasipeleke. Akiona alidhulumiwa, aende mapema kwenye migogoro ya kazi akiwa na barua zake mkononi. Anayekaa mwaka mzima akilalamika barzani ndipo akumbuke kushitaki, atakuta mlango umefungwa, na safari hiyo ameufunga mwenyewe.

Na asidharau ngazi ya chini. Aliyekuwa mkuu wa jikoni akipata kibarua cha msimu, akifanye. Aliyekosa kabisa, vipo vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na vingine vilivyofuatia Makunduchi na Daya. Miezi sita ya kujifunza umeme au ufundi wa mabaridi huwa ni jibu zuri kwa mwajiri anayeuliza ulikuwa wapi tangu ulipoachishwa.

Waajiri watasema: ni rahisi kwa mwandishi kusamehe, hoteli si yake. Ni kweli, na hatumwombi yeyote afumbe macho. Tunawakumbusha tu kwamba chombo cha kuondolea hofu hiyo wanacho tayari mkononi, nacho ni muda wa majaribio. Mpe mtu miezi mitatu, mwandikie kosa gani ukiliona atatoka, kisha umtazame. Aliyekwisha kuonja kukosa kazi mara nyingi huwahi kuliko aliyeipata kwa mjomba, na waajiri wengi wanalijua hilo ingawa hawapendi kulisema mbele ya wajomba.

Serikali nayo ni mwajiri, tena mkubwa. Katika mawizara na idara huweza kutokea mambo mawili yanayopingana: mzembe akahamishwa kutoka dawati moja hadi jingine kwa miaka kumi bila ya kuguswa, na mwingine akaondolewa kwa kosa la mara moja, jina lake likabaki katika faili nyekundu hata anapoomba kazi ya uandishi katika afisi ya wilaya. Tunaiomba Tume ya Utumishi Serikalini ieleze hadharani, kwa Kiswahili ambacho mama wa Micheweni atakifahamu, ni makosa gani yanamzuia mtu asirudi kabisa katika utumishi wa umma, ni yapi yanamzuia kwa muda, na muda huo ni miaka mingapi. Mtu akijua kwamba adhabu yake ni miaka mitatu, ataihesabu na kujitengeneza. Asiyejua kiasi chake hukata tamaa siku ya kwanza.

Kwa Kamisheni ya Kazi ombi letu ni dogo na linatekelezeka. Itoe fomu moja ya cheti cha utumishi, ukurasa mmoja, yenye jina, tarehe mbili na aina ya kazi, na iwaamuru waajiri wote, wenyeji na wageni, kuijaza siku mtu anapoondoka, kwa sababu yoyote ile. Fomu hizo zipatikane katika afisi zote za wilaya, Unguja na Pemba. Anayetaka kumsema mfanyakazi wake wa zamani kwa mwajiri mwingine aandike na atie saini, na anayesemwa apewe nakala. Tuna yakini kuwa simu nyingi zitanyamaza siku hiyo.

Mahoteli ya pwani hupunguza watu wakati wa masika na huanza kuandika wengine inapokaribia Juni. Fomu hiyo ikichapishwa kabla ya mvua kumalizika, wale watakaopanga foleni mwaka huu mbele ya mageti ya Kiwengwa, Paje na Nungwi watakuwa na karatasi ya kuonesha.